Kupanda Mlima kwa Gia ya Tano

Sikuondoka nyumbani kwa kupenda. Nianze hapo, msomaji asije akanidhania kuwa mimi ni msafiri. Mimi ni mtu wa kwangu: napenda kigoda changu, bakuli langu la uji, na kuku ninaowajua kwa sauti. Nilipopelekwa sekondari Bukoba nililia ndani ya basi mpaka utingo akanipa ndizi mbivu ninyamaze. Nilikuwa na ndevu tayari.

Kilichonitoa Ngara kiangazi cha mwaka tisini na mbili ni taa tano ndogo, kila moja kama punje ya hindi. Zilikuwa kwenye dashibodi ya pikipiki ya baba mkwe wangu, Mzee Bartazari, katekista wa vigango. Padre mmoja wa zamani alikuja nayo kutoka Kigali, na alipokwenda kwao akaiachia parokia, parokia nayo ikampa mzee. Ukitia gia, namba ya gia hiyo inawaka: moja, mbili, tatu, mpaka tano. Kwa mwingine yeyote ni pambo tu, maana mguu wa kushoto unajua wenyewe ulipo. Mguu wa kushoto wa Mzee Bartazari haukujua chochote. Uliangukiwa na gogo akiwa kijana, ukapona kwa sura, ukafa kwa hisia. Kukanyaga uliweza, kujua umekanyaga nini haukuweza. Kwa hiyo alikanyaga, akaangalia taa, akajua. Taa zile zilikuwa macho ya mguu wake.

Na alizijua, jamani! Sifa yake kubwa ilikuwa mlima wa Kagunga, ule unaofanya mbuzi wapumzike katikati. "Kagunga mimi napanda na tano," alikuwa akisema baada ya ibada, taratibu, kama mtu anayetaja umri wake. Vijana wenye pikipiki walijaribu kupanda na tano. Injini zilikohoa mara mbili zikazimika, wakarudi kinyumenyume. Basi mzee akaheshimika mara mbili, kwa Injili na kwa Kagunga.

Mwezi wa sita taa zikazimika zote. Mzee akajaribu kuendesha kwa kukisia, akaingia na pikipiki kwenye migomba ya jirani, akatoka na mkungu shingoni. Paroko hakumgombeza. Alisema tu kwamba kama taa hazitarudi kufikia Jumapili ya mavuno, pikipiki itapewa katekista kijana, na mzee abaki na kigango cha hapo karibu kinachofikika kwa fimbo. Mzee aliitika, "Sawa, baba." Akarudi nyumbani, akaifuta pikipiki mpaka ikang'aa, akaifunika shuka jeupe. Mke wangu Speciosa alipoliona lile shuka, akanigeukia.

"Utakwenda Kigali."

"Nani? Mimi?"

"Mafundi wanaozijua pikipiki hizi wako Gikondo. Na Mzee Abedi, rafiki wa baba, yuko huko, atakupokea."

"Huko si kuna vita?"

"Vita viko kaskazini. Wewe unakwenda Gikondo."

"Speciosa, mimi hata harusi ya kaka yako nilitoka kabla ya wali."

"Ndiyo maana unadaiwa safari," alisema, akaanza kunifungia viazi.

*

Alfajiri niliondoka na pikipiki kimya ili kijiji kisinione nikiogopa. Kijiji kizima kilikuwa barabarani kunitazama nikiogopa. Mzee Bartazari alinishika bega, akasema neno moja, "Polepole," akarudi ndani bila kugeuka. Nilielewa kwamba hakuwa ananiombea mimi. Alikuwa anaiombea pikipiki.

Mpaka Rusumo nilikuwa nimeshahesabu sababu nyingi za kurudi na nimezisahau nyingi. Pale Kagera inaanguka chini ya daraja kwa kishindo, na kila anayevuka anajikuta akipunguza sauti kana kwamba mto umelala. Mimi nilivuka nikiwa kushoto, kama Mungu na Tanzania walivyonifundisha. Ng'ambo ya pili afisa mmoja akaruka katikati ya barabara akipunga mikono.

"Iburyo! Iburyo! Kulia! Hapa iko Rwanda!"

Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo, kwa hiyo lugha haikunipa taabu. Taabu ilikuwa kuhamia kulia. Nilihama na mwili wote, na ulimi nje.

"Unakwenda fanya nini Kigali?" afisa akauliza, pasi yangu mkononi.

"Kutengeneza taa, mzee."

"Taa gani?"

"Za kuonyesha gia."

Akanitazama. Akatazama miguu yangu, mmoja, halafu wa pili. "Weye hauna mguu?"

Nikamweleza habari ya mguu wa mkwe wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita mwenzake ili niieleze tena. Mwenzake akacheka, akasema mkwe wake yeye hata akiomba maji hamletei. Wakanipigia muhuri. Swali lile la mguu niliulizwa kila kizuizi kati ya Kibungo na Kabuga, maana enzi zile vizuizi vilikuwa vingi, na mtu aliyesafiri nchi mbili kwa ajili ya taa ya gia alitia shaka kidogo. Askari mmoja aliniamuru niwashe hizo taa nizisemazo. Nikamwambia kama zingewaka nisingekuwa hapa, ningekuwa nyumbani nakunywa uji. Akaniachia. Nadhani alinihurumia.

Lakini niseme ukweli kuhusu barabara ile, kwa sababu ninaikumbuka mpaka leo nikifumba macho. Lami ilikuwa laini kama mgongo wa ndama. Vilima vilipangana kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja na mashamba yake yaliyosukwa kama nywele za bibi harusi. Kina mama walitembea pembeni na miavuli, watu walisukuma baiskeli zilizobeba ndizi, na kila niliyempungia mkono alinijibu. Nilipofika Rwamagana nikagundua nilikuwa naimba. Nilinyamaza haraka, Speciosa asije akajua.

*

Gikondo, jioni. Milima ya Kigali ilikuwa inaingia rangi ya majivu, na bondeni kulisikika nyundo, mashine za kusaga, na kwaya ya kanisa fulani ikirudia ubeti mmoja uliowashinda. Kila ukuta ulikuwa gereji au bohari, na harufu ilikuwa ya grisi na maharage yanayochemka. Mzee Abedi nilimkuta barazani nyuma ya cherehani yake. Alikuwa fundi nguo, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani zamani akaoa huku akasahau kurudi. Miaka ya nyuma alikuwa akija mnada wa Ngara na makoti, akilala kwa Mzee Bartazari: Mwislamu na katekista wakibishana mpaka chai inapoa, kila mmoja akimwombea mwenzake aongoke.

"Karibu, mkwe wa Bartazari!" alisema bila kusimama, akinipima kwa macho. "Kiuno umepungua, au safari imekutisha?"

"Imenitisha, mzee."

"Mama Hadija!" akamwita mkewe. "Amefika yule mtoto anayelia kwenye basi!"

Kumbe habari zangu zilivuka mpaka kabla yangu. Mama Hadija akatoka na chai ya maziwa na chapati, akaketi kunitazama ninavyokula. "Kula, mkwe wetu. Unakumbuka nyumbani?"

"Kidogo."

"Umeondoka lini?"

"Leo."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Nyumba ile ilikuwa ya vicheko. Walifunga mlango mapema, kama mtaa wote ulivyofanya siku hizo, na redio walifungulia sauti ya chini sana. Lakini kati ya mlango na redio palikuwa na vicheko, na ndivyo ninavyoikumbuka.

*

Asubuhi Mzee Abedi alinipeleka gereji ya jirani, kwa Gasana. Huyu alikuwa mtu mnene, wa makamo, ovaroli lake la bluu limeshonwa na Abedi mwenyewe, na alikuwa na tabia ya kuongea na pikipiki kwanza na mwenye pikipiki baadaye. Mafundi wa kwetu ukiwapelekea taa isiyowaka wananunua globu. Gasana hakugusa globu. Alitafuta mahali ambapo nyaya za dashibodi zinakutana na nyaya za injini, akazichomoa, akawasha swichi, kisha akachukua waya mmoja mmoja wa upande wa juu na kuugusisha kwenye chuma cha injini. Aligusa wa kwanza. Taa ikawaka! Nikapiga kelele. Akagusa mwingine, nayo ikawaka. Zote tano ziliwaka kwa zamu, nzima kabisa.

"Umeona?" akasema. "Globu iko nzima. Waya ya juu iko nzima. Ugonjwa iko chini, pale vitesi inazunguka." Vitesi ndiyo gia kwa watu wa kule. "Lakini ngoja kidogo. Iko kitu ingine."

Akarudia kugusa, safari hii akitaja. "Hii waya inatoka kwa vitesi ya kwanza." Akaugusa. Namba iliyowaka dashibodini ilikuwa tano. "Hii ya pili." Ikawaka nne. Ya tatu ikawaka tatu. Ya nne, mbili. Ya tano, moja. Akafuata nyaya kwa kidole mpaka chini ya tangi, akakuta viungo vyote vimezungushiwa plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda.

"Nani daktari alifanya operesheni hapa?"

Niliijua plasta ile. Panya walikula nyaya mwaka mmoja, pikipiki ilipokuwa imelazwa stoo ya mahindi, na Mzee Bartazari akaziunga mwenyewe kwa plasta ya zahanati, akikataa msaada wa mtu. Aliziunga zote. Kwa kinyume.

Nikaketi juu ya tairi kuukuu. Kagunga ilinijia mbele ya macho, na mzee akiwa juu yake, mgongo umenyooka, namba tano ikimwakia kifuani. Hakuwahi kusema uongo hata siku moja. Alipanda na gia ya kwanza, kama kila kiumbe mwenye akili, na taa ikamwambia tano. Akifika tambarare, anakimbia na gia ya tano, taa inamwambia moja. Na wale vijana waliojaribu kupanda na tano ya kweli! Nikacheka. Kisha kicheko kikanikauka, maana Gasana alikuwa ameshashika kisu anabandua plasta.

"Usibandue!"

"Mbona? Mi nafunga vizuri. Moja inakuwa moja."

"Ukifunga vizuri utamuua mkwe wangu."

Nilimweleza. Mzee yule amekuwa akiondoka na tano kwa miaka. Ukimpa taa za kweli ataitafuta tano ili aondoke, ataipata tano ya kweli, pikipiki itazimika mbele ya paroko na waumini wote, na siku hiyo hiyo itakwenda kwa kijana.

"Basi mwambie," Gasana akasema. "Sema: Baba, ile namba iko kinyume."

Mzee Abedi akaguna. Yeye alijua. Kwetu mkwe hamsahihishi baba mkwe. Akisema jua linachomoza Kigali, wewe unaamkia Kigali. Mimi nimtokee mzee, mbele ya binti yake, nimwambie sifa ya mlima wake ni plasta? Afadhali nirudi kwa mguu.

"Basi funga kama ilivyokuwa," nikamwomba Gasana.

Akaweka kisu chini. "Bwana, mi iko fundi. Sifungi uongo. Kesho huyu mzee anakufa, mtu mwingine ananunua hii pikipiki, anaanguka kwa shimo, anauliza: nani alifanya hii? Wanasema: Gasana wa Gikondo. Hapana."

Tulibishana mpaka adhana. Hatukuafikiana. Akaona heri afungue kwanza ule ugonjwa wa chini. Upande wa kushoto wa injini alifungua kifuniko kidogo, na ndani pakaonekana kipande cha plastiki chenye nukta za shaba zilizojipanga kwa duara. Palitakiwa kijipini kinachosukumwa na springi, kiguse nukta moja baada ya nyingine kadiri gia inavyobadilika. Pini ilikuwapo. Springi ilikuwa imekatika, imelala kama kope iliyong'oka. Kitu hicho, chembamba kuliko uzi wa Abedi, ndicho kilichomfunika shuka baba mkwe wangu.

"Springi ya hii haiko Gikondo," Gasana akasema. "Iko Masaka, hapa nje ya mji. Iko pikipiki moja imelala huko."

*

Kesho yake tukaenda Masaka, Gasana mbele, mimi nyuma nimemkumbatia kama mtoto wa nyani. Tungefika mapema, lakini alikumbuka kwamba njia ya Kagarama ina shangazi yake. Tukazunguka kumsalimia. Shangazi hawezi kusalimiwa wima. Tukaketi, tukapewa maziwa ya mgando, tukaulizwa habari za watu wote wa ukoo, na mimi nikaulizwa habari za wangu. Nilipomwambia ni siku yangu ya tatu nje ya nyumbani, shangazi alinishika mkono kwa huruma ya kweli. Gasana alitazama pembeni, mabega yakitikisika.

Masaka ilikuwa mashamba: mihogo, migomba, mtama, nyumba moja moja zenye ua wa miti ya miyenzi. Kwa mjane mmoja mwenye kitambaa cha njano kichwani tukaikuta pikipiki ndugu ya yetu, aina ile ile, imeegemea banda la ndizi, haina magurudumu. Juu ya tangi palikuwa na nyasi, na juu ya nyasi kuku ameatamia.

Gasana alieleza shida yetu. Mama yule akafikiri. "Chukueni," akasema kwa Kinyarwanda. "Ila kuku asiamshwe."

Basi fundi mkubwa wa Gikondo akalala chali mavumbini, akifungua skrubu kwa pumzi za mwizi, na kuku juu yake akimtazama kwa jicho moja. Nilimsimulia yule mama habari za mguu wa Mzee Bartazari. Alisikiliza akiipangusa kioo dashibodi ya pikipiki ya marehemu mumewe, kwa ncha ya kitenge, polepole.

"Wangu alikuwa anapiga honi pale bondeni kabla ya kupanda huku," akasema. "Nikiisikia ndipo natenga chakula. Ikiwaka hiyo yenu, mpige honi mara moja. Mara moja tu."

Springi ilitoka nzima. Gasana akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka mfuko wa kifuani, upande wa moyo. Njia nzima ya kurudi hakunitania.

*

Jioni ile barazani kwa Abedi, pikipiki ilikuwa imepona. Gasana alikuwa amebandua plasta yote na kufunga nyaya kwa haki: moja ni moja, tano ni tano. Alikuwa ameshinda, na hakufurahi. Jumapili ya mavuno ilikuwa inakuja, na mimi nilikuwa naipeleka kwa mzee pikipiki nzima ambayo ingemwangusha kwa uhakika zaidi kuliko ile mbovu.

Mzee Abedi alikuwa anamshonea mteja suruali, mguu mmoja mfupi kuliko mwingine. "Gasana," akasema bila kuinua macho, "unaona suruali hii? Mwenyewe ana nyonga mbovu. Nikishona miguu sawasawa, nimeshona vizuri, naye ataburuza upindo matopeni. Je, nimeshona uongo?"

"Nguo siyo pikipiki."

"Sikuambii uguse nyaya zako. Nyaya zako ni haki ya Mungu." Akakata uzi kwa meno. "Nipe vipimo vya hiyo dashibodi."

Akapima kwa futi yake. Akachukua bitana nyeusi, akaikata kwa ukubwa wa vile vidirisha vitano, na kila kidirisha akakitoboa namba: pale penye moja akatoboa tano, penye mbili akatoboa nne, tatu akaiacha ilipo, penye nne akatoboa mbili, penye tano akatoboa moja. Kila tundu akalizungushia uzi mwekundu kama tundu la kifungo, lisifumuke. Juu akaweka plastiki nyepesi ya kuzuia mvua, pembeni akapitisha lastiki. Ikawa kofia, imevikwa dashibodi, inavulika.

Gasana aliivua, akaivika, akaivua tena. Alikuwa anatafuta uongo ndani yake. "Lakini taa itawaka upande mwingine," akasema. "Tano ilikuwa kulia, sasa iko kushoto."

"Bartazari amefundisha watu kusoma maisha yake yote," Abedi akamjibu. "Husoma namba, hatazami upande."

Gasana akawasha swichi, akatia gia ya kwanza. Kwenye bitana nyeusi ikawaka tano, imezungukwa na wekundu, nzuri kupita ile ya kiwandani. "Chini iko ukweli," akasema hatimaye.

"Na juu iko adabu," akasema Mama Hadija kutoka mlangoni. "Sasa njooni mle, mkwe wa watu aende kwao kabla hajaanza kulia."

Asubuhi ya kuondoka Mama Hadija alinifungia chapati. Mzee Abedi alinipa salamu ndefu za Mzee Bartazari, nyingi zikiwa hoja za kidini alizokuwa amezikumbuka tangu mabishano ya mwisho. Gasana alikuja amevaa ovaroli safi. Hakuongea nami, aliongea na pikipiki, akaipiga kofi kwenye tangi, akarudi kazini.

*

Sikurudi Kigali tena. Miaka miwili baadaye, watu walipovuka daraja la Rusumo kwa makundi na vilima vyetu vikajaa moshi wa majiko yao, mimi, mtu wa kwangu, nilitoka kila siku nikasimama kando ya barabara nikitazama nyuso. Nilitafuta ovaroli la bluu. Nilitafuta futi ya fundi nguo shingoni mwa mtu. Niliuliza watu wa Gikondo, nikauliza wa Masaka. Nimeendelea kuuliza tangu hapo, kila apitaye, na sijapata mtu wa kunijibu.

Pikipiki nayo ilichoka baada ya mzee kuzikwa, na iko nyuma ya nyumba yangu. Kuku wanaipenda. Dashibodi naipangusa mwenyewe, na ile kofia ya bitana ninaihifadhi kabatini, uzi mwekundu haujafumuka hata tundu moja. Ninaposikia watu wakiutaja mji ule kwa jina moja tu la msiba, huwa naitoa nikaitazama, kwa sababu niliujua kabla. Ulikuwa na kwaya isiyojua ubeti wa pili, na mtu mnene aliyelala mavumbini asimwamshe kuku.

Nilichojifunza nacho si kikubwa. Niliondoka nikidhani kuna mtu mmoja tu duniani anayependa nyumbani kwake kiasi cha kuchekwa. Nikakuta kila mlango una mtu wa kwake.

Lakini nilitaka kumalizia na siku niliyorudi nyumbani.

Mzee Bartazari alitoka ndani, akaizunguka pikipiki, akainama juu ya dashibodi. Speciosa alinishika mkono. Mzee alipitisha kidole kwenye uzi mwekundu, tundu moja baada ya jingine. Kisha, kwa ukucha, akainua pembe ya ile kofia, akachungulia chini. Alichungulia muda mrefu. Nilitazama miguu yangu. Akairudisha pembe mahali pake, akaibonyeza kwa dole gumba.

"Abedi hajambo?"

"Hajambo, baba. Anakusalimu sana."

"Mkono wake naufahamu." Akapanda pikipiki, akaitia moto. "Panda nyuma."

Chini ya Kagunga alisimama. Palikuwa na watu wanatoka shambani, na katekista kijana akiwa mmojawapo, na paroko mwenyewe amesimama kwenye kivuli cha gari lake. Nikamwomba mzee apige honi mara moja. Hakuuliza kwa nini. Akapiga, na sauti ikaenda bondeni mbali. Kisha akakanyaga kwa ule mguu uliokufa, akatazama chini, na tukaanza kupanda, taratibu, bila kukohoa, migomba ikishuka kushoto na kulia kwetu.

"Gaspari!" akapaza sauti, ili na wa chini wasikie. "Unaona taa?"

"Naiona, baba!"

"Inasema ngapi?"

Nikachungulia juu ya bega lake, na nikajibu kwa sauti yangu yote ya sekondari:

"Tano, baba!"